UZI: Ruzuku ya Roosevelt miaka ya 1930, mwenye hati alipona na mwenye jembe akafungashiwa virago

Kapelo ya Ukindu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye ule uzi wa mbolea ya ruzuku kuna jamaa alikomaa kwamba mkulima wa Marekani amefika alipo kwa sababu serikali yao haikumbeba, kila mtu alipambana na hali yake, sisi huku ndo tunadekezwa. Nilitaka kumjibu palepale nikaona nitaharibu uzi wa watu, basi nimefungua huu. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya.

Mkulima wa Marekani alibebwa, tena mchana kweupe, kuanzia 1933. Kinachonikereketa mimi ni nani alipanda mgongoni na nani aliachwa njiani, maana hilo watu hawalisemi.

Tuanzie nyuma kidogo. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia bei ya ngano ilipita dola 2 kwa busheli (busheli ya ngano ni kama kilo 27), watu wakakopa benki wakanunua ardhi, wakanunua matrekta, wakalima mpaka nyanda kavu za Kansas magharibi na Oklahoma ambako miaka yote ilikuwa majani tu ya kulishia ng'ombe. Vita imeisha, Ulaya imerudi shambani, bei ikaporomoka kuanzia 1920 na haikuinuka tena ya kueleweka. Yaani miaka ya 20 watu wa mjini wanakula bata, mkulima yuko hoi zamani. 1929 soko la hisa likapasuka ndo ikawa kumalizia. Kufika 1932 ngano iko chini ya senti 40, pamba iliyokuwa karibu senti 17 kwa ratili (ratili ni kama nusu kilo) imeshuka hadi senti 6 hivi, lakini deni la benki liko palepale, benki haijui habari za bei kushuka. Huko Iowa na Nebraska kuna watu walichoma mahindi kwenye jiko la kupashia nyumba kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi.

Benki ikikamata shamba inaleta dalali wa mnada. Sasa wakulima wakabuni mchezo. Siku ya mnada majirani wote wanajaa uwanjani mapema, ng'ombe anatolewa, mtu anataja senti kumi, kimya. Mgeni akitaka kupandisha bei anashtukia kuna mwanaume wa miraba minne kamsogelea, anamwuliza kwa upole kama ana uhakika. Mwisho wa siku jembe, ng'ombe, farasi, vyombo vya ndani vyote vimeuzwa kwa dola chache, alafu vinarudishwa kwa mwenyewe. Sehemu nyingine kitanzi kilikuwa kinaning'inia kwenye mlango wa banda ili mnunuzi aelewe mazingira.

Aprili 1933 mji wa Le Mars, Iowa, kundi la wakulima liliingia mahakamani kwa jaji Charles Bradley, wakamtaka aape hatasaini tena amri za kuuza mashamba. Mzee akagoma. Wakamtoa nje wakamvisha kitanzi shingoni, bado akagoma, wakamwacha hai. Gavana akapeleka wanajeshi. Rais mpya, Roosevelt, alikuwa ameapishwa Machi 4, na ilipofika Mei 12 sheria ya kilimo imeshasainiwa. Anayeniambia haraka yote ile ilikuwa huruma tu ya wakubwa simwamini hata kidogo.

Naendelea, ngoja nipate chai.

Mama Wawili

Nimeweka mkeka hapa. Mleta mada ukikatisha huu uzi Mungu anakuona.

Kijiwe Nongwa

Hao jamaa wangekuwa huku dalali angekuja na mgambo, ng'ombe anauzwa na ndugu yako wa damu ndo anayenunua 😂

Kapelo ya Ukindu

Nimerudi.

Hiyo sheria iliitwa AAA, na wazo lake ni la ajabu ukilisikia mara ya kwanza: tatizo ni mazao mengi sokoni, basi serikali inamlipa mkulima asilime. Hela inatoka kwenye kodi wanayotozwa wasindikaji, mwenye kinu cha unga, mwenye kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba, mwenye machinjio. Aliyesimamia ni waziri wa kilimo Henry Wallace, mtoto wa Iowa, baba yake naye aliwahi kuwa waziri wa kilimo.

Shida sheria imepita Mei wakati pamba imeshaota. Ikabidi walipwe kuilima chini. Kama ekari milioni 10 za pamba zilifukiwa msimu ule wa 1933. Kuna kisa kinachosimuliwa sana, kwamba nyumbu wa kulimia, yule mtoto wa punda na farasi, walikuwa wamefundishwa maisha yao yote wapite katikati ya matuta wasikanyage mche, sasa wanaambiwa wapite juu ya mche, wakagoma. Mnyama ana akili kuliko mpango wa wizara. Nguruwe nao, kama milioni 6, wengi vitoto, walinunuliwa na kuchinjwa mwezi wa nane na wa tisa mwaka huohuo. Nyama nyingine ilikwenda kwa wasio na kazi, lakini vile vidogo kabisa viligeuzwa mafuta na mbolea. Na wakati huo mjini mtu mmoja kati ya wanne hana kazi, watu wanapanga foleni ya supu. Kelele zilizopigwa usipime. Ndo Oktoba ikaundwa taasisi ya kuchukua ziada ya chakula na kuipeleka kwa familia zenye njaa, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekianza kabla ya kuchinja.

Ila bei ilipanda, lazima niseme ukweli. Pamba, ngano, mahindi, vyote vilipanda miaka ile, ukame nao ukasaidia kupunguza mazao. Mwenye shamba akapumua. Na upande wa mikopo serikali ilichukua madeni mengi ya rehani ikayapanga upya kwa riba ndogo, hilo pekee liliokoa familia nyingi kuliko hata hizo hela za kutolima.

Soko Huria

Mimi ndo "jamaa" anayesemwa hapo juu, nipo sijakimbia 😀. Mkuu unachoeleza kinathibitisha hoja yangu. Serikali imeingia, imechinja nguruwe watu wana njaa. Mahakama yao kuu yenyewe iliifuta hiyo sheria, mbona hilo umeruka?

Kapelo ya Ukindu

> Soko Huria alisema: Mahakama yao kuu yenyewe iliifuta hiyo sheria, mbona hilo umeruka?

Nilikuwa nakuja huko, una haraka kama mpiga debe. Ni kweli, Januari 1936, kesi ya Butler, majaji 6 kwa 3. Kilichowaudhi ni ile kodi ya wasindikaji na serikali kuu kujiingiza kwenye mambo ya kilimo ambayo walisema ni ya majimbo. Unajua serikali ilifanya nini? Ndani ya miezi miwili hivi ikaja sheria nyingine, safari hii mkulima analipwa "kuhifadhi udongo". Apunguze pamba, mahindi na ngano, apande maharage na majani yanayotunza ardhi, alipwe kwa hilo. Mazao yanayopunguzwa ni yaleyale, hela inatoka hazina moja kwa moja. 1938 ikaja AAA nyingine kabisa na mahakama ikaiacha. Mifumo ya ruzuku waliyonayo leo mizizi yake iko humo. Kwa hiyo kusema ilifutwa ni kama kusema duka limefungwa wakati limehamia mlango wa pili.

Lakini hoja yangu kubwa iko kusini, kwenye pamba, nisikilizeni vizuri hapa.

Mashamba ya pamba ya Arkansas, Mississippi, Alabama yalilimwa kwa nusu kwa nusu. Mwenye shamba anatoa ardhi, nyumbu, mbegu, kibanda cha kulala, na duka lake analokukopesha unga na mafuta ya taa kwa bei anayotaka yeye. Wewe unatoa mgongo wako, wa mkeo na wa watoto. Mwisho wa msimu mnagawana, lakini daftari anashika yeye, na hesabu zikipigwa unakuta unadaiwa. Walikuwepo weusi, walikuwepo weupe pia wengi tu.

Sasa mkataba wa pamba wa 1934 ulikuwa unalipa senti 4 na nusu kwa kila ratili ambayo haikulimwa. Mgao wake: mwenye shamba senti 4, mkulima wa nusu kwa nusu nusu senti. Someni tena. Na hiyo nusu senti cheki yake haiendi kwake, inapitia mkononi kwa mwenye shamba, ambaye anatoa daftari lake anakwambia "ulikuwa unadaiwa". Kamati za wilaya za kusimamia malalamiko nani wamekaa humo? Wenye mashamba haohao.

Na kuna la pili. Ukilipwa kupunguza theluthi ya shamba, familia za kulima nazo unazihitaji pungufu. Mkataba ulisema mwenye shamba ajitahidi kubakiza idadi ileile ya wapangaji. Ajitahidi. Wakafukuza familia, wakachukua hela ya serikali wakanunua trekta, na wale waliofukuzwa wakawaita siku za kupalilia na kuchuma kama vibarua wa kutwa. Kibarua hana mgao wowote kwenye mkataba, hela yote ya serikali inabaki kwa mwenye shamba.

Julai 1934 pale Tyronza, Arkansas, wanaume 18 wakakaa kwenye darasa, weupe 11 weusi 7, wakaanzisha chama cha wapangaji wa mashamba wa kusini. Kwa Arkansas ya wakati ule weusi na weupe kukaa chama kimoja ni kujitafutia kifo, na kweli walipigwa, walipigiwa risasi nyumba, walifukuzwa. Ndani ya wizara kuna wanasheria, mkubwa wao Jerome Frank, walisoma mkataba wakatoa tafsiri kwamba mwenye shamba abaki na watu walewale, siyo idadi tu. Februari 1935 Frank na wenzake kadhaa wakafukuzwa kazi, na Wallace akaridhia. Huyo Wallace ndo anasifiwa kama mtetezi wa mnyonge, sawa, lakini wabunge wa kusini ndo waliokuwa wameshika kamati za bunge na yeye aliwahitaji.

Mpwa wa Mzee Chande

Aisee. Hili la cheki kupita kwa mwenye shamba nimelielewa haraka sana. Mimi nalima mpunga kwenye shamba la kukodi, na kwenye kujiandikisha pembejeo jina lililoingia ni la mwenye shamba anayekaa mjini. Mbolea anapata yeye bei ya ruzuku, mimi ananiuzia kwa bei anayojua. Ukiuliza unaambiwa mwaka ujao tafuta shamba pengine.

Kijiwe Nongwa

@Mpwa wa Mzee Chande pole sana, ila si ujiandikishe mwenyewe?

Mpwa wa Mzee Chande

Kujiandikisha unaulizwa shamba liko wapi la nani ukubwa gani. Nikitaja la kwake anapigiwa simu. Tuache tu.

Upepo wa Kansas

Nimeona uzi nikasema lazima nichangie. Mie niko huku Dodge City, nafanya kiwanda cha nyama, tupo Waafrika wengi humu. Ukitoka hapa kwa gari kwenda Wichita utaona mistari mirefu ya miti katikati ya mashamba, mingine imekonda inakufa. Mzee mmoja wa hapa alinieleza kwamba ilipandwa na serikali enzi za vumbi, babu yake alilipwa kuchimba mashimo. Nilidhani ananitania maana nchi hii wanavyoichukia serikali sasa hivi.

Kapelo ya Ukindu

Hakukutania mkuu. Ule ulikuwa mradi wa ukanda wa miti kuanzia North Dakota kushuka mpaka Texas, miti zaidi ya milioni 200 kati ya 1934 na 1942. Ndo nyanda zilezile zilizolimwa ngano bei ikiwa juu, ukame ukaja zikapeperuka. Aprili 14, 1935 wingu jeusi la vumbi liliwafunika mchana ikawa usiku, wakaiita Jumapili Nyeusi. Wiki mbili haijafika idara ya hifadhi ya udongo imeshaundwa, chini ya Hugh Bennett, ambaye alikuwa amepiga kelele miaka bila kusikilizwa.

Sasa njooni kwa wafugaji, hapa ndo pana utamu.

Wafugaji wa magharibi walikuwa hawataki hata kusikia habari ya serikali. AAA ilipopita 1933 vyama vyao vilipambana ng'ombe wasiwekwe kwenye orodha, sisi ni watu huru, hatutaki karani kwenye zizi. Sawa, wakaachwa. 1934 ukame ukakamata, visima vimekauka, majani hakuna, gunia la chakula cha mifugo bei yake inazidi ng'ombe mwenyewe. Aprili tayari ng'ombe wameingizwa kwenye sheria, Juni serikali imeanza kununua, na foleni ilikuwa ndefu.

Bei ilikuwa hivi: ng'ombe wa zaidi ya miaka miwili dola 12 hadi 20, wa mwaka mmoja hadi miwili dola 10 hadi 15, ndama dola 4 hadi 8. Na malipo yaligawanywa mafungu mawili, hapa aliyebuni alikuwa na akili. Fungu la kwanza ni bei ya mnyama, hilo benki yenye rehani inaruhusiwa kulichukua. Fungu la pili ni msaada wa mfugaji mwenyewe, dola 6 kwa ng'ombe mkubwa, 5 kwa wa katikati, 3 kwa ndama, na hilo benki hairuhusiwi kuligusa. Yaani kumbe walijua kabisa namna ya kumfikishia mtu hela bila mkubwa wake kuinasa njiani! Kwa mfugaji mwenye ng'ombe waliweza, kwa mkulima wa pamba wa nusu kwa nusu ikashindikana. Mnielewe sasa kwa nini nina hasira na watu waliokufa zamani.

Siku ya ununuzi anakuja mkaguzi, ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja. Anayeweza kutembea mpaka stesheni ya reli anapelekwa machinjioni, anakuwa nyama ya makopo kwa familia zisizo na kazi. Asiyeweza anapelekwa kando kwenye shimo au korongo, anapigwa risasi. Kuna maeneo mwanzoni zaidi ya nusu waliishia shimoni. Mwenye mifugo amesimama hapo anaangalia mtamba aliyemzalisha kwa mikono yake, alafu anasaini karatasi. Jumla kama ng'ombe milioni 8 na ushee, Texas ikiongoza. Na hayo makopo yenyewe yaliajiri watu, majimbo yalifungua viwanda vya muda vya kusindika nyama, waliokuwa hawana kazi ndo wakawa wasindikaji.

Mwezi huohuo wa Juni 1934 ikapita sheria ya malisho ya Taylor, ya mbunge wa Colorado. Kabla ya hapo ardhi ya umma magharibi ilikuwa ya anayewahi, unapeleka mifugo bila kumwuliza mtu. Sasa ikagawanywa wilaya za malisho, unapata kibali, kuanzia 1936 unalipa senti 5 kwa ng'ombe kwa mwezi, kondoo senti 1. Bei ya kutupa. Lakini kibali anapewa kwanza nani? Mwenye ardhi yake au maji yake karibu. Mchungaji wa kuhamahama asiye na hati, wengi wakiwa Wabasque waliotoka mpakani mwa Uhispania na Ufaransa, kondoo zake mia kadhaa na mbwa, hana kwa kuzipeleka, akaishia kuajiriwa kuchunga za mwenzake. Na kamati za kushauri nani apewe zilichaguliwa na wafugaji wenyewe wa wilaya. Mkurugenzi wa kwanza, Farrington Carpenter, alikuwa mfugaji wa Colorado mwenye digrii ya sheria ya Harvard. Watu waliokuwa hawataki karani kwenye zizi wakawa wao ndo karani.

Mama Wawili

Na wenyeji je? Wahindi wekundu walikuwa na mifugo au wao walishamalizwa?

Kapelo ya Ukindu

Dada umegusa jeraha. Wanavaho wa Arizona na New Mexico walikuwa na kondoo na mbuzi wengi mno, na mifugo kwa kiasi kikubwa ni mali ya wanawake. Serikali ikasema udongo unamomonyoka, tope litajaza bwawa jipya la mto Colorado, mifugo ipunguzwe. Kamishna John Collier, ambaye kwa mengine alikuwa anawatetea wenyeji, ndo alisimamia. Aliongea na baraza la kabila la wanaume, akina mama wenye mifugo hawakuulizwa. Wakaagiza kila mtu apunguze asilimia sawa, tajiri akatoa mifugo mibovu, maskini mwenye mbuzi wachache akabaki hana kitu. Mbuzi wengine walipigwa risasi wakaachwa wanaoza mbele ya wenyewe. Wakaahidiwa kazi za vibarua vya serikali, mabwawa, barabara, uzio, na kweli kazi zilikuwepo miaka michache, zikaisha, wakabaki kutegemea vibarua vya reli na kuvuna mashamba ya watu. 1935 walipigia kura sheria ya Collier ya kujitawala wakaikataa, na wengi walimkomoa kwa ajili ya mifugo.

Mutua wa Mua

Wenzangu, mimi natoka Machakos, na hii hadithi naijua bila kuisoma kwa vitabu. 1938 serikali ya mkoloni ilikuja Ukambani na maneno hayohayo, udongo unaisha, ng'ombe ni wengi. Wakachukua ng'ombe kwa nguvu, wakauza mnada bei ya hasara, wanunuzi wakawa masetla na kile kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River ambacho kilikuwa kimefunguliwa na kinataka ng'ombe wa bei rahisi. Muindi Mbingu akawaongoza watu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea mpaka Nairobi wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Wakamshika, wakampeleka Lamu kizuizini, lakini kule kuuza kwa nguvu kulisimama. Wazee wetu walikuwa wanasema shida haikuwa kuambiwa ng'ombe ni wengi, shida ni kwamba shamba kubwa lilichukuliwa na setla alafu unaambiwa wewe ndiye umejaza ng'ombe kwa kipande kilichobaki.

Kapelo ya Ukindu

Mutua asante sana kaka. Na siyo bahati mbaya maneno kufanana. Lile vumbi la Marekani liliwatisha maofisa wa kikoloni Afrika mashariki yote, ripoti zilisomwa huku, na bwana udongo wao wa Kenya, Colin Maher, alikwenda Marekani kabisa kusoma wanavyofanya. Makingamaji na matuta waliyolazimishwa wazee wetu mabondeni na milimani yana uhusiano na hofu hiyo. Ila kule mzungu mwenye shamba alilipwa ili atunze udongo, huku ilikuwa kazi ya shuruti na ukikataa faini.

Soko Huria

Sawa wafugaji, sawa pamba. Lakini vijana wasio na mashamba walipewa kazi, usifiche. Wale CCC, vijana wa kambi za kazi za serikali, walilipwa vizuri.

Kapelo ya Ukindu

Sifichi, tena ni mpango ninaoupenda kuliko yote. Vijana wa miaka 18 mpaka 25, kambi za misitu, dola 30 kwa mwezi na dola 25 kati ya hizo zinatumwa nyumbani moja kwa moja, kwa hiyo mama anapata hela hata kijana awe mlevi. Karibu vijana milioni 3 walipita humo mpaka 1942, walichimba visima vya mifugo, walipanda miti, walijenga uzio wa malisho. Ila kambi za weusi zilitengwa, na wasichana hawakuwemo.

WPA nayo, ule mpango wa serikali wa kuajiri wasio na kazi wa 1935, iliajiri watu wazima milioni 8 na nusu kwa miaka yake yote. Lakini angalia mwenye shamba anavyofikiri: kibarua akiwa na kazi ya serikali hatakubali kuchuma pamba kwa ujira wa njaa. Basi msimu wa kuvuna ukifika maeneo mengi ya kusini WPA ilisimamisha miradi, watu wakatolewa, nenda shambani ukachume. Mwanamke mweusi akikataa anaambiwa msaada hakuna. Msaada uleule uliomwokoa ukawa fimbo.

California kidogo ilikuwa tofauti, kwa muda. Oktoba 1933 wachuma pamba kama 18,000 wa bonde la San Joaquin, wengi wao Wamexico, waligoma. Wenye mashamba wanatoa senti 60 kwa ratili 100, wao wanataka dola moja. Wakafukuzwa kwenye vibanda, wakapigwa risasi, watatu wakafa. Serikali ikafanya kitu ambacho haikuwahi kufanya, ikawapa wagomaji chakula cha msaada huku mgomo unaendelea. Wakamalizana kwa senti 75. Wenye mashamba hawakusahau ile siku. Na miaka hiyohiyo Wamexico kwa malaki walikuwa wanarudishwa kwao kwa treni, kwa kulazimishwa au kutishiwa, pamoja na watoto waliozaliwa Marekani, kwa madai wanamaliza msaada na kazi za wananchi. Nafasi zao zikajazwa na wale waliofukuzwa Oklahoma, Arkansas na Texas, weupe wenye magari chakavu yenye magodoro juu. Wengi waliwadhani ni watu wa vumbi tu, kumbe wengine waliondolewa na trekta na cheki ya AAA. 1942 vita imewachukua wanaume, serikali ikarudi Mexico kwa magoti kuomba wafanyakazi, mkataba baada ya mkataba mpaka 1964, jumla mikataba kama milioni 4 na laki 6. Manamba wa mkonge wangeutambua mpango ule bila kuelezwa.

Mama Wawili

Sasa si kulikuwa na sheria za wafanyakazi za Roosevelt, vyama, pensheni, kima cha chini? Zilikuwa wapi?

Kapelo ya Ukindu

Zilikuwepo, na vibarua wa mashamba waliandikwa humo kwa jina, kwamba haziwahusu. Sheria ya vyama vya wafanyakazi 1935, haimhusu kibarua wa shambani wala mfanyakazi wa ndani. Pensheni 1935, hivyohivyo. Kima cha chini 1938, senti 25 kwa saa, kibarua wa shamba nje. Wanahistoria bado wanabishana ni wabunge wa kusini walioogopa mweusi kuwa na kauli au ni urahisi wa kukusanya michango, mimi naona hoja ya kwanza ina uzito. Januari 1939 wapangaji waliofukuzwa kusini mashariki mwa Missouri, zaidi ya 1,000, walihamia kando ya barabara kuu na masufuria na watoto kwenye baridi, kiongozi wao mchungaji wa kanisa, mweusi, Owen Whitfield, ili kila anayepita aone. Polisi wakawatawanya kwa sababu za "afya ya jamii".

Pensheni ilianza kuwafikia vibarua wa shamba miaka ya 1950. Kima cha chini kikaja kwa marekebisho ya 1966, na si kwa mashamba yote, madogo yaliachwa. Hela ya saa za ziada sheria ya taifa haimpi kibarua wa shamba mpaka leo, majimbo machache ndo yamejitungia, California kwa sheria ya 2016.